Gari Dogo la 4WD Likianza Kulalamika: Kagua Matairi Kabla ya Kushuku Gia Boksi

Malindi ina magari madogo mengi yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Subaru Legacy na Impreza zinajulikana hata kwa mlio, lakini zipo pia Toyota Premio na Allion ambazo wenyewe hawajui kama ni 4WD mpaka walale chini waone propela inayokwenda nyuma. Kama hujawahi kuchungulia lako, chungulia leo, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hapo.

Gari la aina hii halitaki matairi ya kuokoteza. Lile la kawaida la kuvuta mbele unaweza kulifunga mawili mapya mbele na makuukuu nyuma, ukaenda Mombasa na kurudi usione tofauti. La 4WD nalo litakupeleka na kukurudisha, ila kuna kitu kitakuwa kinasagika ndani kwa ndani. Dalili zake huonekana mapema, na nyingi husingiziwa gia boksi.

Linajikaza ukikata kona

Uko kituo cha mafuta, unakata usukani mpaka mwisho ili uzunguke pampu, na gari linasita. Linarukaruka kidogo kana kwamba breki ya mkono haijashuka. Ukikanyaga mafuta linakwenda, ukiachia linasimama kabla ya wakati. Fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia, "Hiyo gia boksi, bwana." Huenda ni kweli. Mjibu tu kwa upole, "Sawa fundi, lakini kabla hujafungua chochote tupime matairi kwanza."

Sababu ni hii. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa, na katikati kuna kifaa kinachoruhusu tofauti ndogo ya mwendo kati yao: kwenye magari mengi ni klachi ya sahani nyingi, kwenye mengine ni kifaa chenye mafuta mazito, na kwenye baadhi ya Audi quattro ni difu (boksi la meno linalogawa mvuto) aina ya Torsen. Kimetengenezwa kwa tofauti za muda mfupi, kama za kukata kona au gurudumu moja kuteleza mchangani. Hakikutengenezwa kuteleza bila kupumzika kutoka Malindi hadi Mtwapa.

Piga hesabu uone. Tairi la 205/55R16 (upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16), ambalo Impreza nyingi hutumia, likiwa jipya lina kipenyo cha karibu milimita 632 na mzingo wa karibu 1,985. Likila milimita 5 za meno yake, mzingo unashuka hadi karibu 1,954. Kwa kila kilomita, tairi lililoisha litazunguka mara 8 zaidi ya jipya. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kilomita kama 120, kwa hiyo hiyo ni mizunguko zaidi ya 900 ambayo klachi ya katikati imelazimika kuimeza safari moja tu, kwenye lami kavu, katika joto letu. Klachi inapashika moto, oili inaungua, sahani zinaanza kung'ang'ania. Siku unapokuja kuisikia kwenye kona, kazi hiyo imeshafanyika muda mrefu.

Kuna kosa lingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni la saizi. 205/55R16 na 205/60R16 zinaingia kwenye rimu ileile, na ukizitazama zimefungwa huwezi kuzitofautisha mpaka usome ubavuni. Mzingo wake umepishana kwa milimita 64 hivi. Tairi la dharura lililofungwa usiku barabarani kwa sababu "55 hazipo, hii ni sawasawa tu" huwa linasahauliwa palepale kwa miezi.

Kwa hiyo pima. Huhitaji mashine, unahitaji futi ya fundi cherehani. Jaza matairi yote manne upepo sawa asubuhi gari likiwa limepoa. Inua gurudumu moja kwa jeki mpaka liachane na ardhi, pitisha futi katikati ya meno, zungusha tairi lote, vuta ikaze bila kupinda, soma. Andika namba kwenye karatasi, nenda kwa linalofuata. Futi ikikaa upande itakudanganya, kwa hiyo pima kila tairi mara mbili. Subaru hutaka tofauti kati ya tairi kubwa na dogo isizidi robo ya inchi ya mzingo, yaani milimita 6 hivi, na hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya kina cha meno. Watengenezaji wengine wanalegeza kidogo, kitabu cha gari lako kitasema, lakini mimi hushika hiyo ya Subaru kwa gari lolote ambalo kitabu chake kimepotea. Kwetu hapa, karibu vyote vimepotea, au viko kwa Kijapani.

Ukitaka kuthibitisha kwamba linalojikaza ni mfumo wa kuvuta wala si breki zilizoshika, ingia kiwanja cha mchanga mlegevu ukate kona ileile. Mchangani magurudumu yanapata nafasi ya kuteleza, hivyo mkazo wa mfumo unapotea au unapungua sana. Ukibaki vilevile, tafuta kwenye breki na joini za magurudumu.

Vipimo vikipishana, weka matairi manne yanayolingana, kisha badilisha oili ya gia boksi na ya difu ya nyuma, kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Mara nyingi lawama zote huishia hapo. Vipimo vikiwa sawa na gari bado linajikaza, basi fundi alikuwa na haki yake, mwache afungue.

Taa ya ABS au ya utelezi imewaka

Sensa za ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga ukikanyaga breki, huhesabu mwendo wa kila gurudumu. Tairi moja likiwa dogo kuliko wenzake, kompyuta inaona gurudumu linalokwenda mbio peke yake na kudhani linateleza. Spea nyembamba ya dharura huleta taa hii pia. Soma namba za ubavuni kwanza, kwa matairi yote, kisha ndipo umlipe mtu wa kuchomeka kompyuta. Sensa iliyojaa vumbi na chumvi ndiyo mshukiwa wa pili.

Linavuma

Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda una wazazi wawili: tairi au beringi. Kuwatenganisha si kazi ngumu. Ukiwa barabara tupu, tuseme kipande cha msitu wa Arabuko-Sokoke kabla ya kufika Gede, yumbisha usukani taratibu kushoto, kisha kulia. Uzito wa gari unahamia upande wa pili wa kona. Mvumo ukiongezeka unapokata kushoto, shuku beringi ya kulia, na kinyume chake. Mvumo usipojali usukani ila ukabadilika pale lami inapobadilika, hilo ni tairi.

Pitisha kiganja juu ya meno, kuelekea ndani ya gari kisha kuelekea nje. Mwelekeo mmoja ukiwa laini na mwingine ukakwaruza, alaimenti imeharibika. Ukikuta mabonde ya kupanda na kushuka kuzunguka tairi, shoki imechoka na gurudumu limekuwa likidundadunda. Kufunga matairi mapya juu ya shoki iliyokufa ni kuyatuma kaburini. Tengeneza kilichoyala ya zamani, ndipo ununue.

Mvumo una maana ya ziada kwenye 4WD: beringi za difu ya nyuma nazo huvuma, hasa gari likivuta, na hunyamaza ukiachia mafuta. Mvumo wa namna hiyo hautaondoka kwa tairi lolote.

Usukani unatetemeka

Mtetemo ukianza kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa kisha ukapungua, ni balansi. Tafuta kwanza kibonge cha udongo mkavu ndani ya rimu. Ukitoka Marafa au Baricho wakati wa mvua utakipata. Usukani ukitetemeka kwa kila mwendo, tazama kama tairi lina uvimbe ubavuni. Uvimbe ni nyuzi za ndani zilizokatika baada ya kugonga shimo. Hauzibwi, haupigwi gundi, hauendi hata kwenye spea.

Linavuta upande mmoja

Upepo kwanza. Kisha hamisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, kama hayana mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi. Ukibaki palepale, ni alaimenti au breki.

Upepo unaisha pole pole, na pancha haionekani

Hili ni tatizo la pwani hasa. Watu hujaza kila Ijumaa, wanalaumu valvu, wanabadilisha valvu, wiki ijayo wanajaza tena. Litoe gurudumu ulipake maji ya sabuni pale tairi linapokutana na rimu. Mapovu madogo madogo yakitambaa ukingoni, ni rimu iliyoliwa na chumvi. Hewa ya bahari haichagui: rimu ya chuma inafanya kutu, na ya alumini inatoa unga mweupe chini ya mdomo wa tairi, unga unaoinua mpira kwa unene wa uzi tu, na hiyo inatosha.

Fundi mzuri wa pancha analivua tairi kabisa, anauweka mdomo wa rimu juani aone vizuri, anausugua kwa brashi ya waya mpaka unga wote uishe, anamalizia kwa msasa mwembamba, anafuta kwa kitambaa kikavu, kisha anapaka gundi ya kuzibia ya ukingoni kabla ya kurudisha. Anayekwambia "tutie tyubu tu" anakuuzia njia ya mkato. Tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu huleta joto zaidi, na ikitobolewa upepo unatoka wote kwa mkupuo mmoja.

Usidharau upepo mdogo. Tairi lenye upepo haba linajikunja ubavuni kila mzunguko, na kujikunja huko ni joto juu ya joto. Mabega yote mawili yakiisha kabla ya katikati, umekuwa ukiendesha na upepo mdogo. Katikati ikiisha kwanza, umezidisha. Kiasi sahihi kipo kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi ya saluni kinacheza karibu na psi 32 au 33, mbele na nyuma wakati mwingine tofauti. Kipimo ni cha tairi baridi. Aliyetoka Kilifi mchana wa Februari akapima palepale atasoma namba kubwa, apunguze, na kesho yake asubuhi awe na upepo haba.

Meno yapo, lakini mpira umepasukapasuka

Hapa Malindi matairi mengi hufa kwa uzee kabla ya kuisha meno, hasa ya magari yanayolala juani yakisubiri mwenyewe arudi kutoka Nairobi. Nyufa nyembamba ubavuni na kati ya meno ni mpira uliokauka.

Tafuta tarehe. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwishoni tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zinaweza kuwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa kawaida ya mambo huo utakuwa umefungwa kwa ndani, kwa hiyo lala chini na tochi. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kukagua kila mwaka baada ya miaka 5, na kutoa likifika miaka 10 hata kama linang'aa. Kwa jua hili mimi singengoja 10. Kwenye 6 naanza kutafuta pesa.

Jambo la pili la kusoma ubavuni ni neno STUDLESS. Ni tairi la barafu la Japani, na gari lililotoka Hokkaido kuja Kilindini huweza kuja nalo. Meno yake yamejaa mikato myembamba kama iliyokatwa kwa wembe, na mpira wake ni laini ili ushike kwenye baridi kali. Kwenye lami ya moto unalegea, gari linayumba, breki zinachelewa, na meno yanaisha upesi. Muuzaji wa mtumba atakuonyesha meno marefu, naye hadanganyi, ni marefu kweli. Usichukue. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake si tatizo. Matairi mengi ya misimu yote huwa nazo.

Tairi moja limekatwa, matatu bado mazima

Barabara za ndani zina mawe ya matumbawe yenye kingo kama shoka, na ubavu ukikatwa hakuna fundi wa kuushona. Kwa gari la kuvuta mbele ungenunua mawili ukalala. Hapa tulia.

Kama matatu yaliyobaki yameisha kwa chini ya milimita 1, nunua moja la chapa ileile na muundo uleule. Chapa mbili zinaweza kuandikwa saizi moja na bado mzingo ukapishana, kwa hiyo futi ya cherehani itoke tena, ndani ya duka, kabla ya pesa. Usione haya.

Kama yameisha kati na kati, tafuta mtumba wa muundo uleule wenye meno ya kina kilekile. Pima kwa njiti ya kiberiti: isimamishe ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, ilaze kwenye rula. Tairi jipya la saluni huanza na milimita 8 hivi. Tazama na tarehe. Marekani kuna wauzaji wanaolinyoa tairi jipya kwa mashine mpaka lilingane na yaliyotumika. Kwetu pwani huduma hiyo sijaiona.

Kama yamebakiwa na milimita 3 au chini, nunua manne. Vijivimbe vilivyo ndani ya mifereji, penye alama TWI, huonyesha milimita 1.6, na hapo tairi limekwisha. Lakini kwa mvua za Mei, maji yakituama barabarani, milimita 3 tayari ni haba. Lililo bora kati ya matatu ya zamani liweke akiba.

Kufunga mawili mapya kwenye ekseli moja ndiyo njia ninayoipinga zaidi, ingawa ndiyo kila mtu atakayokushauri. Inalinganisha kushoto na kulia, halafu inatengeneza tofauti kamili kati ya mbele na nyuma, palepale klachi ilipo.

Na usiku wa tukio lenyewe? Legacy na Impreza nyingi za zamani zenye gia otomatiki ya hatua 4 zina mahali pa fyuzi chini ya boneti pameandikwa FWD, yaani kuvuta mbele tu. Ukichomeka fyuzi pale, mvuto wa nyuma unakatwa, na unaweza kufika nyumbani kwa spea ndogo iliyofungwa nyuma. Tairi lililokatwa likiwa la mbele, toa zima la nyuma ulipeleke mbele. Zenye CVT, gia otomatiki isiyo na hatua, hazina fyuzi hiyo. Nenda polepole, safari fupi, na usipite mwendo ulioandikwa kwenye spea, ambao kwa kawaida ni 80.

Basi ununue yapi?

Kwa pesa ileile, manne ya bei ya kati yanashinda mawili ya jina kubwa. Hilo ndilo nililo na hakika nalo kuliko yote.

Saizi ifuate kibandiko cha mlangoni, si kilichokutwa kwenye gari. Namba ya uzito, ile inayofuata saizi ubavuni, nayo isishuke: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni kilo 670. Anayebeba magunia ya maembe kutoka shamba na familia juu yake atafute lenye alama XL, lina ubavu mgumu zaidi. Herufi ndogo ya ubavuni inayosemwa kidogo madukani ni ya kuhimili joto, TEMPERATURE, nayo ni A, B au C. Hapa chukua A.

Ubavu mrefu ni rafiki wa barabara zetu. Impreza yenye 205/50R17 inaweza kurudi kwenye rimu ya inchi 16 na 205/55R16, kwa kuwa kipenyo kinapishana milimita 5 tu, mradi breki za mbele zisiguse rimu na yote manne yabadilishwe. Unapoteza urembo kidogo mbele ya hoteli, unapata ubavu unaovumilia mashimo ya kuelekea Mambrui. Saizi zisizo za kawaida huenda ukalazimika kuagiza Mombasa. Omba picha ya tarehe kabla ya kutuma pesa, ya matairi yote manne.

Spea ikiwa ya ukubwa kamili, na mfuko ukiruhusu, nunua matano. Lizungushe la tano pamoja na mengine kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na siku jiwe litakapokata moja utakuwa na pacha wake tayari, wenye meno yaleyale. Matairi yenye mshale yanahamishwa mbele na nyuma upande uleule tu, na spea inaingia mzunguko huo kwa shida, sababu moja zaidi ya kuchukua yasiyo na mshale.

Fundi akimaliza, mwombe akaze nati kwa zamu ya msalaba, si kwa kuzunguka, na usimwachie bunduki ya upepo peke yake kumalizia. Baada ya kilomita 100 hivi, gari likiwa limepoa, zikaze tena mwenyewe kwa spana.